Vidole Viwili vya Kitambaa

Karani aliniuliza jina. Nikamwambia: Sikudhani.
Akaweka kalamu mezani.
"Sikukuuliza ulidhani nini. Nimekuuliza jina."
Foleni ikacheka nyuma yangu, kicheko kifupi
cha watu walioshika makaratasi yao kwa mikono miwili.
Mama alinizaa akiwa ameshagawa nguo za kitoto, bwana.
Ndiyo maana. Andika hivyo hivyo.

Hapa Mbale Kiswahili changu kimevaa buti.
Kwetu Ujiji ndicho nilichobembelezewa,
ndicho bibi alichopunguzia bei ya dagaa.
Hapa nikimwita mtoto wa jirani, njoo, nikupe andazi,
anakimbilia nyuma ya gauni la Mama Khainza:
maneno haya yaliwahi kugonga mlango wao
usiku, yakiwa na tochi.
Basi nimejifunza "mulembe".
Naisema polepole, kama mtu avukaye mto
kwa gogo moja.

Sheria nazo nimezijua kwa vidole.
Kibali kikipitiliza siku moja, siku hiyo ina bei,
na ya pili, na ya tatu, wala Jumapili haisamehewi.
Mgeni akilala kwako aandikwe kwa mwenyekiti,
hata akiwa dada yako, hata akiwa amekuja kuzika.
Na kitambaa cha mabaka ya jeshi
raia asikutwe nacho. Hata kipande.
Hata kiraka.

Na mimi ni fundi cherehani.

Wenye mabaka nao huchanika, tena magotini, kama sisi.
Afande Mudebo huleta suruali Jumatatu,
hukaa kwenye benchi langu, hutazama sindano
kama anayeilinda isitoroke.
"Vipande vyote nirudishie."
Namrudishia, ndani ya bahasha ya kaki,
hadi vile vya kusafishia masikio.
"Nyuzi," husema, "baki nazo."

Usiku mmoja mvua ikishuka Wanale, nikifagia,
nikakiona chini ya pedali: vidole viwili kwa vitatu,
kijani, kahawia, weusi kidogo pembeni.
Nikaketi.
Nikichome? Moshi una majirani.
Nikitupe chooni? Choo ni cha wapangaji sita,
na mmoja wao huongea akilewa.
Nimpelekee mwenyewe? Atauliza,
mbona Jumatatu hukunipa?
Nikawa nahesabu kwenye taa ya chemli
miaka mingapi inaenea
kwenye vidole viwili vya kitambaa.

Wiki mbili nilikilalia.
Mto ukawa na mwamba.
Nikaota nimefika mpakani Mutukula,
wananikagua, wananikuta na mabaka mwilini,
nasugua, hayatoki.

Kisha akaleta koti. Mfuko umetoboka.
Nikashona haraka, yeye akizungumza na simu yake,
na kile kipande nikakipachika ndani, chini kabisa,
mishono midogo midogo, kama ya kufungia kitovu cha mtoto.
Nikamrudishia serikali mali yake
bila risiti.

Akaingiza mkono.
"Umeongeza nini humu?"
"Nguvu."
Akanitazama. Nje mtu alikuwa akiuza malewa,
akiimba bei.
Afande akatoa elfu tano, halafu akatoa picha:
msichana, baibui, kuta nyeupe.
"Wa kwangu. Nabifo. Yuko Maskati, anafua.
Pasipoti yake imelala kwenye kabati la bosi."
Nikasema pole. Nikataka kuuliza
kama huko jina lake wanalitamka vizuri.
Sikuuliza.

Akafunga koti, kifungo kwa kifungo, hadi shingoni.
"Na kibali chako," akasema, "kinaisha lini?"

Sikujua ni baba aliyeuliza
au ni lile koti.

Tarehe kumi na tisa, nikasema.

Akaomba chaki yangu.
Akaiandika kiganjani.